“Unatumia Dawa Nyingine?”: Lugha, Siri na Uamuzi wa Kumweleza Daktari Kuhusu Tiba ya Homoni

Ikisiri

Makala haya yanachunguza swali moja fupi ambalo mgonjwa huulizwa karibu kila anapoingia katika chumba cha daktari: “Unatumia dawa nyingine?” Tunadai kwamba jibu la swali hili hutegemea maana ambayo msemaji wa Kiswahili anaipa nomino dawa, na kwamba watumiaji wengi wa homoni hujibu “hapana” bila nia ya kudanganya. Wapo pia wanaonyamaza kwa kusudi, na kunyamaza kwao kuna sababu zinazostahili kusikilizwa. Baada ya kueleza tiba yenyewe na hatari za kimya, tunachambua methali za siri na kupendekeza njia ya kuamua nani aelezwe, aelezwe nini, na kwa maneno gani. Mifano yetu inatoka Voi na Kaunti ya Taita Taveta. Mazungumzo yaliyomo ni ya kubuni.

1.0 Utangulizi

Mji wa Voi uko kando ya barabara kuu iendayo Nairobi kutoka Mombasa, takriban kilomita 150 kutoka Mombasa. Kaunti ya Taita Taveta, ambayo kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019 ilikuwa na watu 340,671, ina wakazi waliotawanyika mno: wengine wako juu katika Milima ya Taita, wengine katika tambarare za mkonge za Mwatate, wengine Taveta mpakani na Tanzania, na sehemu kubwa ya ardhi ni ya wanyama wa mbuga za Tsavo. Hospitali ya Rufaa ya Moi iko Voi, ya Wesu iko Wundanyi, na Taveta nako kuna hospitali. Hata hivyo, mtu anayehitaji bingwa wa homoni au wa saratani mara nyingi hulazimika kusafiri hadi Mombasa au Nairobi. Tangu mwaka 2017 treni ya Madaraka Express husimama Voi, na safari hizo zimekuwa nyepesi kidogo.

Matokeo ya hali hii ni kwamba mgonjwa mmoja hutibiwa na madaktari wawili au watatu ambao hawajawahi kuonana. Aliyempa homoni yuko mbali. Anayemtibu malaria, shinikizo la damu au jeraha yuko karibu, na hajui lolote kuhusu yule wa mbali ila atakaloambiwa. Kiungo cha pekee baina yao ni kinywa cha mgonjwa, pamoja na daftari dogo la kurasa chache analobeba mkononi. Hapo ndipo suala la kitabibu linapogeuka kuwa suala la lugha, na ndiyo sababu tumeona linafaa kujadiliwa na wanafunzi wa Kiswahili. Mhitimu wetu ataitwa kesho kutafsiri kijitabu cha afya, kuandika tangazo la redio au kumkalimania mzee hospitalini. Akikosea neno, si alama za mtihani zitakazopotea.

2.0 Neno homoni na mipaka yake

Istilahi ya Kiingereza iliyozaa neno letu homoni ilianza kutumiwa mwaka 1905 na mwanafiziolojia Ernest Starling wa London, naye aliitoa katika kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuchochea au kusukuma. Kwa hiyo wale wanaopendelea kuiita homoni kichocheo hawako mbali na asili ya neno. Tatizo la kichocheo ni kwamba wanakemia nao hulitumia kwa kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kikemikali, na msomaji wa kawaida huweza kulichukulia kuwa kitu cha kuamsha ashiki. Homoni limeshinda kwa sababu ya umahususi wake, ingawa halimwambii msikilizaji chochote kuhusu kazi ya kitu chenyewe.

Homoni ni ujumbe. Tezi mojawapo mwilini huitoa, damu huibeba, na kiungo kilicho mbali huipokea na kutenda. Tiba ya homoni basi ni tendo lolote la kuongeza, kupunguza au kuziba ujumbe huo. Kwa maana hii, kundi la watumiaji ni pana kuliko tunavyodhani:

(a) Mwenye kisukari anayejidunga insulini.
(b) Mwenye tezi ya koo iliyozembea, ambaye humeza levothairoksini kila asubuhi.
(c) Mwenye pumu kali au ugonjwa wa viungo anayetumia prednisoloni kwa miezi mingi.
(d) Mwanamke anayepanga uzazi kwa tembe, kwa sindano ya miezi mitatu, au kwa kipandikizi cha mkononi ambacho wengi hukiita kijiti.
(e) Mwanamke aliyekoma hedhi anayetumia oestrojeni kupunguza joto la ghafla na kukosa usingizi.
(f) Mgonjwa wa saratani ya matiti anayetumia tamoksifeni, na mwenye saratani ya tezi dume anayechomwa sindano ya kuzima testosteroni.
(g) Mtu aliyezaliwa huntha, au mtu anayeishi katika jinsia tofauti na ile aliyoandikishwa alipozaliwa, anayetumia oestrojeni au testosteroni.

Tukiitazama orodha hii tutagundua jambo la ajabu kidogo. Hakuna anayeona haya kutaja insulini mbele ya jirani. Lakini oestrojeni, ambayo ni homoni vilevile, hutajwa kwa kunong’ona au haitajwi kabisa. Aibu haikai katika kemia ya dawa. Inakaa katika kile ambacho dawa hiyo inamwambia msikilizaji kuhusu maisha ya mtumiaji: ndoa yake, umri wake, uume au uke wake.

3.0 Kimya cha kutojua: mipaka ya nomino “dawa”

Tuanze na kimya kisicho na kusudi. Hebu tuyatazame mazungumzo haya ya kubuni baina ya muuguzi na mama aliyefika kuanza matibabu ya kifua kikuu:

Muuguzi: Mama, kuna dawa nyingine unayotumia?
Mgonjwa: Hapana, daktari.
Muuguzi: Hata za presha au sukari?
Mgonjwa: Hata hizo. Mimi si mtu wa dawa.
Muuguzi: Na upande wa kupanga uzazi je?
Mgonjwa: Ah, huko niko na kijiti mkononi. Kwani hiyo nayo ni dawa?

Swali la mwisho la mgonjwa ndilo kiini cha sehemu hii. Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, dawa huenda sambamba na ugonjwa: mtu huugua, hutafuta dawa, hupona, huacha dawa. Tunasema dawa ya malaria, dawa ya minyoo, hata dawa ya moto ni moto. Daima kuna adui anayekabiliwa. Mwanamke mwenye kijiti haugui. Hakuna adui. Isitoshe, kijiti hakimezwi, hakinyweki wala hakipakwi. Kiliwekwa mara moja na kitakaa miaka mitatu au mitano. Kwa sifa hizi zote kimeanguka nje ya mipaka ya dawa katika akili yake, na jibu lake la “hapana” ni la kweli kwa mujibu wa lugha yake.

Mwanaisimu Grice (1975) alieleza kwamba wazungumzaji hushirikiana kwa kufuata kaida za ukweli, kiasi, uhusiano na namna. Mama huyu hajavunja kaida ya ukweli. Kilichotokea ni kwamba muuguzi na yeye wanatumia neno moja kwa upana tofauti, na hakuna kati yao anayejua kwamba upana unatofautiana. Hali hiyo ni ya hatari kuliko uongo, kwa kuwa mwongo angalau anajua kuna jambo limefichwa.

Vivyo hivyo kwa krimu za kung’arisha ngozi. Baadhi yake zina steroidi kali, ambazo ni dawa za jamii ya homoni na huweza kupenya mwilini zikitumiwa sana na kwa muda mrefu. Mtumiaji huziita mafuta, na mafuta si dawa. Sindano ya miezi mitatu nayo ina bahati mbaya yake: baada ya kuchomwa, mtu huhesabu kwamba sindano imekwisha, kumbe dawa iko mwilini ikifanya kazi kwa wiki nyingi.

Funzo kwa watafsiri ni dhahiri. Fomu inayouliza “Unatumia dawa nyingine?” imetafsiriwa sawasawa na imeshindwa kazi. Swali linalofaa litataja vitu kwa majina ambayo watu wanayo: “Kuna tembe, sindano, kijiti, krimu, matone au mitishamba yoyote unayotumia, hata kama si kwa ajili ya ugonjwa?” Ni refu, lakini linamfikia msikilizaji pale alipo.

4.0 Kwa nini daktari wa pili anahitaji kujua

Msomaji anaweza kuuliza: kuna madhara gani ikiwa daktari wa malaria hajui habari za homoni? Mara nyingine hakuna. Mara nyingine madhara ni makubwa, na inafaa tuyataje kwa uwazi.

Kwanza, dawa huweza kuvunjana nguvu. Rifampisini, ambayo ni nguzo ya matibabu ya kifua kikuu yanayochukua kwa kawaida miezi sita, huliharakisha ini kuivunja homoni ya tembe na ya kijiti, na mwanamke huweza kushika mimba huku akiamini amejikinga. Efavirenzi, iliyokuwa sehemu ya matibabu ya kawaida ya VVU kwa miaka mingi, hupunguza nguvu ya kijiti vilevile. Dolutegraviri, ambayo Kenya ilianza kuitumia mwaka 2017, haina tatizo hilo. Karbamazepini na fenitoini za kifafa nazo huidhoofisha tembe na kijiti. Sindano ya miezi mitatu haiathiriki kwa kiasi cha kutia hofu. Kwa hiyo mama wa mazungumzo yetu hakuhitaji kuacha matibabu ya kifua kikuu wala kukosa kinga. Alihitaji kushauriwa kuhusu njia nyingine, na ushauri huo usingewezekana kama angeishia kwenye “hapana” ya kwanza.

Pili, dawa huweza kuzidishana madhara. Spironolaktoni, inayotumiwa na baadhi ya wanawake waliobadili jinsia kuzuia testosteroni, huongeza potasiamu katika damu. Enalaprili na losatani za shinikizo la damu hufanya hivyo pia, na hata Septrin huweza. Zikikutana bila mtu kupima damu, mapigo ya moyo huweza kuvurugika. Daktari wa presha aliyeambiwa atachagua dawa nyingine au ataagiza kipimo. Asiyeambiwa hana sababu ya kushuku.

Tatu, upasuaji na kulala kitandani kwa muda mrefu. Oestrojeni, hasa ya kumeza, na tamoksifeni pia, huongeza uwezekano wa damu kuganda ndani ya mishipa. Daktari wa upasuaji huchukua tahadhari akijua. Kwa upande wa prednisoloni hatari iko kinyume: mwili uliozoea dawa hiyo kwa muda mrefu huacha kutengeneza homoni yake wenyewe ya kukabili mshtuko. Mgonjwa akifanyiwa upasuaji au akiumia vibaya huku dawa imekatizwa ghafla, shinikizo la damu huweza kuporomoka na maisha kupotea.

Nne, vipimo vya maabara. Viwango vya kawaida vya hemoglobini hutofautiana kati ya wanaume na wanawake, na testosteroni hupandisha hemoglobini. Mwanamume aliyeandikishwa mwanamke alipozaliwa na anayetumia testosteroni anaweza kuonekana ana damu nyingi kupita kiasi ikiwa atapimwa kwa jedwali lisilomfaa, au tatizo la kweli likapuuzwa.

Tano, mambo madogo yenye athari ya muda mrefu. Tembe za madini ya chuma wanazopewa wajawazito huzuia levothairoksini kufyonzwa zikimezwa pamoja. Yafaa kuzitenganisha kwa muda wa takriban saa nne. Muuguzi wa kliniki ya wajawazito akijua, tatizo linaisha kwa sentensi moja.

5.0 Kimya cha kusudi: methali na desturi

Sasa tugeukie wanaojua kwamba kijiti ni dawa, kwamba oestrojeni ni dawa, na bado wananyamaza. Je, utamaduni wetu unawaambia nini?

Methali zinazotajwa haraka ni zile za kukemea. Mficha uchi hazai. Mficha maradhi kilio humfichua. Methali ya kwanza ina mantiki ya mkunga: mwenye kuona haya mbele ya mzalishaji hatajifungua salama. Ya pili ina mantiki ya matanga: usiposema wewe, msiba utakusemea. Zote mbili zinaelekea upande mmoja, na mhubiri wa afya anaweza kuridhika nazo.

Lakini hazina ya methali haisemi kwa sauti moja. Siri ya mtungi aijuaye kata. Tukiitazama kwa makini, methali hii haisemi kwamba mtungi hauna siri, wala haisemi kwamba siri itangazwe. Inasema kwamba ndani ya mtungi anayeingia ni kata, na kata huingia kwa kuwa ina kazi humo. Wengine huuona mtungi kwa nje. Nayo Ulimi hauna mfupa inatukumbusha kwamba si kila aliyeingia ndani atajua kunyamaza. Tukiziweka methali hizi nne pamoja tunapata kanuni yenye uwiano kuliko methali moja pekee: mweleze mwenye kazi na siri hiyo, kwa kadiri ya kazi yake, na jihadhari na ulimi.

Katika Milima ya Taita kuna desturi inayoangaza suala hili kwa namna ya pekee. Mwanaanthropolojia Grace Harris, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1978, alieleza ibada ya Wadawida inayojulikana kama kutasa. Katika mtazamo wa ibada hiyo, hasira iliyofichwa moyoni mwa jamaa huweza kuleta maradhi, na uponyaji huhitaji mwenye hasira aitoe, kwa maneno na kwa kupuliza kinywaji kutoka kinywani. Hatusemi kwamba kutasa ni sawa na kumwambia daktari orodha ya dawa. Tunachotaka kukionyesha ni kwamba wazo la kwamba kilichofungiwa ndani huweza kudhuru mwili, na kwamba kutamkwa kwake ni sehemu ya tiba, si geni katika milima hii. Tena ibada hiyo ilikuwa na mahali pake, watu wake na maneno yake. Haikufanywa sokoni.

6.0 Hofu zenye msingi

Kosa la makala nyingi za afya ni kuichukulia hofu ya mgonjwa kuwa ujinga. Hofu nyingi zina msingi.

Ya kwanza ni udogo wa mji. Anayekuandikia jina mapokezini anaweza kuwa mke wa binamu yako, na benchi la kungojea liko hatua mbili kutoka meza ya maswali. Ya pili ni daftari. Ukurasa ulioandikwa Depo husomwa na daktari, kisha hurudi nyumbani ambako huweza kusomwa na mume ambaye hakuhusishwa katika uamuzi. Ya tatu ni ukalimani. Mzee wa tezi dume anayezungumza Kidawida kuliko Kiswahili huingia na mjukuu wake wa kike, na analazimika kuchagua kati ya kutaja sindano inayozima uume wake mbele ya mjukuu, na kusema hana dawa. Brown na Levinson (1987) wangesema uso wake umetishiwa; mzee mwenyewe angesema tu kwamba haiwezekani.

Ya nne inawahusu watu huntha na watu waliobadili jinsia. Kiswahili chenyewe kimewawekea mtego: huntha ni neno la heshima lenye asili ya Kiarabu, lakini halifahamiki na wengi bara, na mengi kati ya maneno yanayofahamika ni matusi. Mtu hawezi kujieleza kwa utulivu kwa neno linalomtukana. Hali imebadilika kiasi: mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani la Kenya kubadilisha jina katika cheti cha Audrey Mbugua, sensa ya 2019 iliwahesabu watu huntha kwa mara ya kwanza na kupata 1,524, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 iliwatambua watoto huntha. Hata hivyo, mwezi wa Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kufuta vifungu vya Kanuni ya Adhabu vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja, na ingawa vifungu hivyo havitaji homoni wala mtu kubadili jinsia, wengi huhofia kwamba mhudumu atachanganya mambo hayo.

Hofu ya tano huzungumzwa kwa nadra: kwamba daktari akishajua, kila kitu kitalaumiwa homoni. Umekuja na maumivu ya tumbo, unaambiwa ni homoni. Umekuja na jeraha, unaulizwa habari za homoni.

Sheria ziko upande wa mgonjwa. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda faragha. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Afya ya 2017 kinaifanya habari ya mgonjwa kuwa siri. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaihesabu hali ya afya kuwa data nyeti. Ni muhimu mgonjwa ajue haki hizi, ingawa sheria haiketi pale benchini kuwaziba watu masikio.

7.0 Njia ya kuamua

Tunapendekeza mgonjwa ajiulize maswali matatu.

(a) Je, mtu huyu ataniandikia dawa, atanipasua, atanilaza, au atasoma vipimo vya damu yangu? Ikiwa ndiyo, ana kazi ndani ya mtungi, naye aelezwe. Ikiwa ni fundi wa miwani au karani wa mapokezi, hana.

(b) Anahitaji dawa, au anahitaji pia sababu? Hapa ndipo penye nafuu kubwa. Jina la dawa, kiasi chake na tarehe ya mara ya mwisho kwa kawaida hutosha kuzuia dawa kugongana. “Natumia spironolaktoni na oestrojeni” ni taarifa kamili kwa daktari wa presha. Historia ya maisha si sharti. Sababu huhitajika pale ambapo inabadili uchunguzi wenyewe: kusoma viwango vya damu, kuchunguza saratani ya kiungo ambacho mgonjwa anacho hata kama sura yake haikidokezi, au kuzingatia uwezekano wa mimba.

(c) Nitaisema wapi na kwa njia gani? Karatasi ni rafiki. Mzee wa tezi dume anaweza kuwa na kikaratasi chenye jina la sindano, alichoandikiwa na daktari wa Mombasa, akakikabidhi kimya kimya bila mjukuu kutamka neno. Mwanamke anayeogopa daftari kusomwa anaweza kuuliza kabla ya kuandikiwa.

Kwa upande wa lugha, kauli fupi zinazotangulia taarifa husaidia kulinda uso wa pande zote mbili. Tazama:

“Daktari, kuna dawa ninayotumia, na ningependa tuizungumze tukiwa wawili.”

“Nakueleza ili dawa zisigongane. Naomba isiandikwe kwenye daftari ninalorudi nalo nyumbani.”

“Natumia homoni tangu mwaka juzi. Je, inahusiana na tatizo la leo, au ni mambo mawili?”

Kauli ya tatu inajibu hofu ya tano: inamtaka daktari atenganishe mambo kabla hajayachanganya. Kauli ya pili inamfunga kwa ombi mahususi, jambo ambalo ahadi ya jumla ya “usimwambie mtu” haifanyi.

Mgonjwa akiona kwamba aliye mbele yake si wa kuaminika, bado ana njia: kuomba mhudumu mwingine, au kuuliza swali kwa sura ya dhana, “Dawa hii inagongana na oestrojeni?” Jibu litampa anachohitaji. Njia hii ina upungufu, kwa sababu daktari hatamfuatilia kwa jambo asilolijua, lakini ni bora kuliko kimya.

Libaki jambo moja. Barabara ya Mombasa na Nairobi ina malori usiku na mchana, na ajali hazibishi hodi. Aliyezimia hawezi kujibu swali lolote, hata likiulizwa kwa Kiswahili fasaha. Anayetumia prednisoloni au insulini, hasa, hana budi kuwa na kadi mfukoni, au jamaa mmoja anayejua. Kila mtungi uwe na kata yake angalau moja.

8.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba kimya kuhusu tiba ya homoni ni cha aina mbili. Kimya cha kutojua kinatokana na upana wa neno dawa, na dawa yake iko mikononi mwa waulizaji, wakiwemo watafsiri wa fomu tutakaokuwa sisi. Kimya cha kusudi kinatokana na hofu, na hofu hiyo haiondolewi kwa kukemewa. Inapungua mgonjwa anapojua kwamba anaweza kuitoa dawa bila kuitoa siri yote, na mhudumu anapojifunza kuuliza kwa sauti ya chini. Uamuzi unabaki kuwa wa mgonjwa. Wajibu wetu ni kuhakikisha kwamba, atakapoamua kusema, Kiswahili hakitamwangusha.

Maswali ya kujadili

1. Toa mifano mingine mitatu ya vitu vinavyotumiwa mwilini ambavyo wasemaji wa eneo lako hawaviiti dawa. Eleza sababu za kisemantiki.
2. Linganisha methali Mficha uchi hazai na Siri ya mtungi aijuaye kata. Je, zinapingana, au zinazungumzia hadhira tofauti?
3. Andika upya swali “Unatumia dawa nyingine?” kwa ajili ya (i) kliniki ya wajawazito, (ii) kliniki ya kifua kikuu, (iii) mgonjwa anayesaidiwa na mkalimani wa familia.
4. Jadili tafsida zinazotumiwa katika lugha yako ya kwanza kutaja kupanga uzazi au kukoma hedhi. Ni zipi zinazoweza kumpotosha mhudumu wa afya?